Bei ya meli isikuzuge!

Wiki hii naomba tuziache habari za nani kamwacha nani, tuzungumze mambo ya kuponda raha. Tena raha yenyewe si ya Coco Beach na mihogo ya kukaanga. Nazungumzia meli. Ile meli ya kitalii unayoiona kwenye sinema, yenye bwawa la kuogelea juu, ukumbi wa muziki chini, na watu wanaoshinda na kandambili wakijipigia misosi tangu asubuhi. Vijana wengi wa mjini wanaamini meli hizo ni za Wazungu wastaafu peke yao. Si kweli. Februari 2024 nimepanda mimi, mtoto wa mwalimu, kwa pesa za upatu, na sikuuza hata redio.

Ila nikwambie mapema: bei unayoiona kwenye tangazo ni kiingilio cha mlangoni tu. Ukishaingia ukumbini kuna mambo mengine.

Safari yetu ilikuwa ya mama. Mama amefundisha shule ya msingi Bukoba mpaka akastaafu. Enzi za ujana wake alisomea ualimu Butimba, Mwanza, na kila likizo alivuka ziwa kwa MV Victoria. Hadi leo ukimkuta ana furaha atakusimulia walivyokuwa wakikesha sitahani na wenzake, wamekumbatia kopo la senene, wanaimba mpaka wanaanza kuziona taa za Bukoba. Halafu ikaja Mei 21, 1996. MV Bukoba ilizama asubuhi, Mwanza ikiwa karibu kabisa, na watu zaidi ya 800 wakafa. Mjomba wangu, kitinda mimba wa kwao, alikuwamo. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sura yake naijua kwa picha.

Tangu siku hiyo mama hakukanyaga chombo cha majini. Hata Mwanza alikwenda kwa basi la kuzungukia Kahama na Shinyanga ili asipande kivuko cha Busisi (daraja la pale limefunguliwa 2025 tu). Sasa alipostaafu, mimi na dada yangu tukamuuliza anataka zawadi gani. Tulitegemea aseme makochi, au tangi la maji. Akasema, "Nataka kupanda meli kabla sijafa. Lakini ziwa lile siliwezi tena. Nipelekeni baharini."

Dada akajaribu bahati yake. "Mama, boti ya Unguja je?"

"Ile ni daladala ya majini. Nataka meli ya kulala."

Ndiyo tukaanza kutafuta. Wengi wakisikia meli za namna hiyo wanafikiria Karibea au bahari ya Mediterania. Huko kuna kasheshe ya viza. Meli nyingi za Karibea zinaanzia Marekani, zinatoka na kurudi, kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Ulaya ni vilevile kama meli inapitia Uturuki au Tunisia halafu inakurudisha Italia. Ukija na viza ya kuingia mara moja, safari yako inaishia bandarini. Sisi wenzangu na mie tukaangalia karibu. Durban, Afrika Kusini, kwa miaka mingi imekuwa na meli za aina hiyo katika miezi ya joto, kati ya Novemba na Aprili, zinazopanda hadi pwani ya Msumbiji. Mtanzania haombi viza kwenda Afrika Kusini kwa matembezi mafupi, Msumbiji nako hivyo hivyo. Mzigo mmoja wa pesa na usumbufu ukawa umetua. Ratiba hizo hubadilika kila msimu, kwa hiyo ulizia msimu wako kabla hujamtangazia mchumba.

Mimi na dada tulikuwa kwenye upatu wa watu 12, kila mmoja sh. 300,000 kwa mwezi. Zamu zetu zilifuatana, tukapata sh. 3,600,000 kila mmoja. Jumla sh. 7,200,000, na hapo hakuna pa kukopa. Upatu ukishakula, deni lako kwa wenzako linabaki palepale mpaka mzunguko uishe. Hela ikipotea, tungeendelea kuilipia miezi kadhaa huku mama hajaiona hata bandari.

Wakala wa safari wa kwanza tuliyemwendea hapa mjini, jina naliweka kapuni, alituonyesha karatasi yenye rangi nzuri: usiku nne, "kuanzia" kama sh. 650,000 kwa kichwa. Dada, ambaye ni mhasibu na hana aibu, alipiga hesabu ya haraka, watu watatu hawafiki milioni mbili. Halafu akamuuliza yule bwana neno moja tu: "Kuanzia wapi?"

Hapo ndipo mambo yakafunguka. Ile bei ilikuwa ya chumba cha ndani kisicho na dirisha, wiki isiyo na wateja, na kwa mtu anayelala na mwenzake. Shika hilo la mwisho kama unataka kwenda peke yako ukauze sura: bei za meli hupangwa kwa watu wawili chumba kimoja, na ukiwa mmoja unaweza kutozwa hadi mara mbili, yaani unalipia na kitanda kitupu. Kinyume chake, mtu wa tatu na wa nne ndani ya chumba hichohicho mara nyingi hulipa kidogo sana. Washikaji wanne mnaovumiliana kukoroma mtaenda kwa nafuu kuliko wachumba wawili.

Kodi za bandari hazikuwamo. Bakshishi ya wahudumu haikuwamo, na bakshishi ya melini si ya hiari kama ya baa. Kampuni nyingi zinaikata zenyewe kwenye hesabu yako kila siku, dola kumi na kitu hadi 20 kwa kila kichwa, hata kama hukumwona mhudumu. Ndege haikuwamo, bima haikuwamo. Yule bwana alitaka tuache kishika nafasi siku ileile, eti kesho bei inapanda. Tukamuaga kwa heshima. Mtu anayekunyima siku mbili za kufikiri ana sababu yake.

Tulipopata wakala mwingine aliyekubali kuandika kila kitu kwenye karatasi moja, hesabu yetu ilitulia hivi. Tiketi za meli sh. 2,400,000, mimi na mama 950,000 kila mmoja, dada kama mtu wa tatu 500,000. Kodi za bandari 450,000. Bakshishi tukaitenga mapema, 420,000. Ndege kwenda na kurudi, Dar hadi Johannesburg kisha Durban, 3,150,000, umeona? Ndege ilizidi meli! Hoteli ya usiku mmoja Durban pamoja na teksi 350,000, bima 120,000. Tukabaki na sh. 310,000 za soda, zawadi na dharura. Gawanya kwa watu watatu, ni 2,400,000 kila mmoja. Karibu mara nne ya lile tangazo zuri.

Utauliza, kwa nini hatukuchukua chumba cha ndani, cha bei rahisi? Tulitaka. Mama akakataa. "Nikilala nataka kujua maji yako wapi." Basi tukalipia dirisha, tukachagua katikati ya meli, ghorofa za chini, ambako meli haiyumbi sana. Roshani ya kutokea nje tuliiacha, maana sitahani ni ya wote na haina kiingilio. Kama wewe ni wa kwenda kucheza hadi alfajiri na kulala mchana, chukua cha ndani, giza lake ni zuri kuliko pazia lolote.

Ile hoteli ya usiku mmoja, ndugu zangu, msiikate. Uwanja wa ndege wa King Shaka uko mbali na mji, kama kilometa 35, na meli haina mambo ya "bado niko njiani". Lango linafungwa kabla ya saa ya kuondoka, na ndege yako ikichelewa Johannesburg, utaipungia meli mkono. Tulifika jana yake. Mama alilala vizuri, mimi sikulala, naogopa abadilishe mawazo asubuhi.

Hakubadilisha. Kwenye gati ya watalii ya Nelson Mandela alisimama akaiangalia ile meli kutoka chini hadi juu, kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyechelewa. Tukapewa kadi kila mmoja. Kadi hiyo ndiyo ufunguo wa chumba, ndiyo pesa zako, na ndiyo inayokuhesabu: ukiingia inalia ti, ukitoka inalia ti. Mama akauliza ile ti ni ya nini. Dada akamweleza kwamba meli inajua muda wote ni watu wangapi wamo na ni nani na nani. Akanyamaza kidogo. "Kule," akasema, "daraja la tatu hawakuwa hata na orodha."

Kabla ya kuondoka kuna zoezi la dharura. Vijana wengi hulidharau, wako baa tayari. Sheria za kimataifa zinataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka. Sharti hilo lilikazwa baada ya Costa Concordia kupinduka kule Italia Januari 2012 na kuua watu 32, wengine wakiwa wamepanda siku ileile na hawajafundishwa chochote. Honi ya hatari ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Mama aliihesabu kwa vidole. Alivaa jaketi la kuokolea akalifunga mwenyewe, akamkagua dada, akanikagua mimi, akanifungua akanifunga upya. Halafu akamgeukia kijana wa Kifilipino aliyekuwa akisimamia kituo chetu, dada akitafsiri, akamuuliza kama mashua zinatosha watu wote. Zinatosha, na ziada ipo.

"Na wakizidi?"

"Hawazidi, mama," yule kijana akajibu. "Wakizidi hatuondoki."

Mama akamwomba arudie. Akarudia. Nadhani kwa mama safari ililipwa pale pale, yaliyofuata yalikuwa nyongeza.

Ukiwa ndani, vita ya mkwanja inaanza upya. Chakula cha bufee na cha mgahawa mkuu kimo kwenye tiketi, kula utakavyo. Kwetu hata chai, kahawa na maji ya pale kwenye bufee havikuwa na malipo. Bia, soda na juisi ni juu yako. Watakuuzia kifurushi cha vinywaji cha siku zote. Piga hesabu kwanza unakunywa glasi ngapi kwa siku, na ujue kwamba kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue. Mnywaji mmoja na walokole wawili, hapo umeliwa. Picha wanazokupiga kila kona zinauzwa bei mbaya, tabasamu halafu pita. Simu izimie mtandao mara meli inapoondoka, kwa sababu katikati ya bahari itadaka mtandao wa meli unaopitia satelaiti, na dakika tano za "mambo vipi" zinaweza kukuchacha. Dawa ya kichefuchefu nunua duka la dawa la kwenu. Daktari wa melini yupo, bili yake nayo ipo, na hapo ndipo bima inapojua kazi yake.

Siku ya kisiwa cha Ilha dos Portugueses, pale ghuba ya Maputo jirani na Inhaca, meli ilitia nanga mbali na abiria wakapelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Mama aliitazama ile boti ikipanda na kushuka na mawimbi. "Nendeni nyie." Tulikuwa hatujalipia matembezi yoyote ya ziada, makusudi, kwa hiyo hatukupoteza hata senti. Mtu ukiwa na mzazi, au mtoto, au mwenza anayeogopa, lipia matembezi siku yenyewe ukishaona uso wake. Bahari ikichafuka, kushuka kwenyewe kunaweza kufutwa.

Usiku wa tatu nilimkuta sitahani, kanga mabegani, anaangalia giza. Nikasimama pembeni yake.

"Mdogo wangu alikuwa hajui kuogelea," alisema.

"Hata wewe hujui, mama."

"Hata mimi sijui, baba." Tukakaa pale mpaka baridi ikatushinda, tukaenda kunywa chai ya bure.

Jambo la mwisho ni ile karatasi ya hesabu unayopewa usiku wa kuamkia kushuka. Watu wengi wanaisaini macho yamefumba, akili iko kwenye mabegi. Mama aliichukua akakaa nayo kitandani, akatoa kwenye mkoba kalamu nyekundu (mwalimu hastaafu), akaipitia mstari kwa mstari. Akaweka mkasi kwenye kokteli mbili ambazo hakuna kati yetu aliyezinywa, akavaa viatu, akashuka mapokezi mwenyewe usiku ule. Alirudi baada ya robo saa na karatasi mpya, kokteli hazimo.