Udhaifu Wako ni Upi?



Leo tunamzungumza kitindamimba wetu, na ruhusa katupa mwenyewe. Alipoitwa kwenye usaili wa kazi ya uhasibu, hoteli moja huko pwani ya mashariki ya Unguja, sisi dada zake watatu tulimkalisha jioni nzima tukamhoji. Yote aliyajibu vizuri, isipokuwa moja: "Udhaifu wako ni upi?"

Nasi kwa ujuaji wetu tukampa jibu. Sema hivi: "Udhaifu wangu napenda kazi mno, hata kula nasahau." Akalikariri kama mtoto wa chuoni.

Akaenda, akalisema. Mama aliyekuwa akimsaili akaweka kalamu chini, akatabasamu. "Mwanangu, wewe ni wa sita leo kusahau kula."

Kazi hakupata. Alirudi, hata buibui hakuvua, akajitupa kitandani akalia.

Kilichotuuma zaidi ni kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa posa tuliwaambia wakwe kuwa mtoto wetu anapika kila kitu. Ukweli, hata wali ulikuwa ukimwungulia. Siku mkwewe alipokuja kula, pilau ilitoka bokoboko, na aliyeaibika ni yeye, si sisi tuliosema. Usiku mumewe akamwambia, "Ungeniambia mapema, tungepika pamoja."

Safari ya pili, mama ndiye aliyetuweka sawa. Alitukumbusha kisa cha Nabii Musa, alayhi salaam. Alipotumwa kwa Firauni hakudai kuwa hana upungufu. Alieleza khofu yake na uzito wa ulimi wake, kisha akaomba akunjuliwe kifua, fundo la ulimi lifunguliwe, na ndugu yake Harun, aliyemzidi kwa ufasaha, awe msaidizi wake. Alitaja udhaifu, papo hapo akataja na dawa. Na kazi hakunyang'anywa.

Basi tukakaa tena, safari hii bila kutunga. Tukakubaliana mambo matatu.

Kwanza, udhaifu uwe wa kweli, na uwe wa kazi. Usaili si mahali pa kuanika madhambi ambayo Allah amekusitiri, wala mambo ya ndani ya nyumba yako.

Pili, ukiona udhaifu wako ndio kazi yenyewe, mathalan unaomba uhasibu na hesabu zinakushinda, usiufiche. Hiyo kazi si yako bado. Kazi ni amana.

Tatu, sema unachokifanya kuurekebisha, kitu kinachoonekana kwa macho. "Najitahidi" peke yake haitoshi.

Mdogo wetu alifikiri sana, kisha akasema: "Mimi naona haya kuuliza." Alipokuwa mafunzoni alihangaika siku mbili kutafuta kosa dogo la hesabu, na aliyekuwa akilijua alikaa meza ya pili. Sasa ana daftari. Akikwama nusu saa, anaandika swali, na kabla ya adhuhuri anamfuata mkubwa wake.

Hilo ndilo jibu alilokwenda nalo hoteli nyingine. Wakamuuliza zaidi kuhusu lile daftari, naye akalitoa mkobani akawaonesha. Hakuwa na cha kukariri, kwa hiyo hakuwa na cha kusahau.

Mpaka tunaandika haya simu haijapigwa, na rizki iko mikononi mwa Allah. Lakini siku hiyo alirudi, akavua buibui, akaingia jikoni tulikokuwa, akafungua daftari lake na kutuuliza: "Dada zangu, mchele kilo moja, maji ya pilau kiasi gani?"

Bibi harusi wetu mtarajiwa, nawe unayetafuta kazi, usiwaachie watu wakutungie sifa. Watakaokaa nazo si wao, ni wewe. Allah atufungulie milango ya kheri, sote. Amin.