Kazi Bila Daftari

Ndugu zangu wa nyumbani,

Nawaandikia kutoka Woolwich, kusini mashariki mwa London. Mnaokesha kwenye vibanda umiza kwa ajili ya Arsenal huenda mnajua kwamba klabu hiyo ilizaliwa hapa mwaka 1886, ikaanzishwa na mafundi wa kiwanda cha silaha cha Royal Arsenal, kisha ikahamia kaskazini mwa jiji mwaka 1913. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1967 na sehemu kubwa ya majengo yake sasa ni makazi. Ajira zimehamia kwingine: Queen Elizabeth Hospital, nyumba za kulea wazee, maghala, maduka ya Powis Street, na ofisi za katikati ya jiji ambazo tangu Mei 2022 treni ya Elizabeth imezisogeza karibu. Wanaofanya kazi hizo ni Wanigeria, Waghana, Wasomali, Wanepali, na sisi wa Afrika Mashariki. Na penye wageni wengi kazini hapakosi soko la ushauri. Kwenye simu za watu zimejaa video za washauri wa kazi wanaoeleza namna ya kutoka kwenye mambo ya aibu na utata kazini: bosi anayekutania kwa lafudhi yako, mwenzako anayejitwalia sifa za jasho lako, msimamizi anayekutaka utie sahihi kazi usiyoifanya. Jibu lao huwa fupi: jiamini, jisemee, weka mipaka.

Ushauri huo si mbaya, ila umeanzia mwisho. Unachukulia kwamba tatizo la mfanyakazi ni uoga, na kwamba dawa ya uoga ni maneno makali yaliyopangwa vizuri. Mimi naona kwamba mengi ya matata haya hayatatuliwi na ushujaa wa ulimi. Yanatatuliwa na utaratibu: kuandika mapema, kuuliza kabla ya kulaumu, na kutokwenda peke yako. Mwenye kufuata hayo matatu anaweza kuwa mpole kuliko wote kazini na bado asionewe kirahisi. Asiyeyafuata, hata akiwa na kifua cha simba, siku ya kikao atabaki na neno lake dhidi ya neno la meneja, na sote tunajua mizani huinamia wapi.

Tuanze na tabia tuliyotoka nayo. Nyumbani jambo zito kati ya watu wawili hupitishwa kwa mtu wa kati: shangazi, mzee wa mtaa, mfanyakazi wa siku nyingi anayeheshimika na pande zote. Anayelalamika hanyanyui sauti, anayelalamikiwa havuliwi nguo hadharani, na jambo linakwisha. Ndiyo maana tunasema funika kombe mwanaharamu apite. Busara hiyo ina akili yake, kwa sababu nyuma ya ukimya huo kuna watu wanaojua kilichotokea na watakaokumbuka. Mwajiri wa huku hana shangazi. Meneja anabadilishwa, msimamizi anahama, na anayerithi kiti anachokikuta ni faili tu. Kama ndani ya faili hamna kitu, kwake hakuna kilichotokea. Ukimya ambao nyumbani ungesomwa kama uvumilivu, huku unasomwa kama ridhaa. Mtu aliyekaa kimya miezi minane halafu akalipuka siku moja ndiye anayeonekana mkorofi, kwa kuwa mlipuko ndio pekee ulioandikwa.

Chukua mfano unaoweza kumkuta yeyote anayelea wazee. Kitabu cha huduma kinataka iandikwe kwamba mgonjwa aligeuzwa kitandani saa nane usiku na watu wawili. Usiku ule watumishi walipungua, hakugeuzwa, na asubuhi msimamizi anasema, “Tia sahihi tu, tumalize.” Mshauri wa video angekwambia ukatae kwa ujasiri. Kukataa ni sawa, lakini kukataa kwa mdomo kunaacha nyuma yake ugomvi bila ushahidi. Njia iliyo bora ni kuandika ukweli kitabuni, kisha siku hiyohiyo kumtumia msimamizi ujumbe mfupi usio na hasira: “Asante kwa mazungumzo ya asubuhi. Nimeandika kwamba mgonjwa hakugeuzwa saa nane kwa sababu nilikuwa peke yangu. Naomba unielekeze tufanyeje zamu ikipungua watu tena.” Hapo hakuna tusi wala tuhuma. Kuna tarehe, kuna tukio, kuna swali. Msimamizi mwema atashukuru kwa kuwa sasa naye ana hoja ya kudai watu zaidi. Asiye mwema atajua kwamba jambo lina kumbukumbu. Na mgonjwa, ambaye tunamsahau upesi tukijadili heshima zetu, huenda akaepuka kidonda cha mgongo.

Sheria ya hapa imejengwa juu ya mazoea hayohayo. Tangu Sheria ya Mahusiano ya Ajira ya 1999, mfanyakazi anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu au cha malalamiko ana haki ya kuingia na mwenzake wa kazini au ofisa wa chama cha wafanyakazi. Acas, chombo cha umma cha usuluhishi wa kazi, kina mwongozo unaozitaka pande zote ziseme mambo mapema na kwa maandishi. Upande unaoupuuza bila sababu ya maana unaweza kuadhibiwa na mahakama ya kazi kwa kuongezewa au kupunguziwa fidia hadi asilimia 25. Hakuna mahali mwongozo huo unapopima nani alikuwa jasiri. Unachopima ni nani alisema nini, lini, na alijibiwaje.

Matata magumu kuliko yote, hata hivyo, hayatoki kwa bosi. Yanatoka kwetu wenyewe. Ndugu aliyekutafutia kazi anakuomba umwandikie saa ambazo hakufanya. Dada mliyetoka naye nyumbani anataka zamu zake umpe mtu mwingine azifanye kwa jina la dada huyo. Hapa fadhila na kazi vinagongana, na hakuna anayetaka kuitwa msaliti. Ushauri wa kuweka mipaka haufui dafu mbele ya mtu aliyekupokea uwanja wa ndege. Kinachosaidia ni kuutenganisha mzigo na mtu: mkopeshe fedha ukiweza, mshikie zamu halali kwa jina lako na kwa ruhusa ya meneja, msindikize kwenda kuomba saa pungufu, lakini karatasi ya saa ibaki kweli. Fadhila hulipwa kwa mali yako, si kwa sahihi inayohusu mali ya mwingine. Vivyo hivyo zawadi. Familia ya mgonjwa ikimtunza muuguzi bahasha, nyumbani kuikataa ni kuwavunjia heshima. Huku kanuni za NMC, baraza linalosajili wauguzi na wakunga, zinawataka wakatae zawadi yoyote isipokuwa iliyo ndogo kabisa. Kumweleza meneja siku ileile na kuomba iandikwe kunalinda pande zote: familia haiaibishwi, na muuguzi hatakuja kuulizwa baadaye alipewa kwa ajili gani.

Wapo watakaosema kwamba hii ni tabia ya kizungu, ya kuandikiana kama wapelelezi. Pingamizi hilo lingekuwa na uzito kama nyumbani pasingekuwa na kanuni za aina hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kushindwa kazi amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama. Nchini Tanzania, kanuni za 2007 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinampa mfanyakazi haki ya kusaidiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kwenye kikao cha nidhamu, na anayefukuzwa ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 hazimsubiri mtu anayejaribu kukumbuka tarehe. Na wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kazi ni mali. Mkimtuma kijana wenu dukani bila daftari, mwisho wa mwezi mtamwita mzembe. Iweje tumwite mkorofi anayeweka daftari la kazi yake?

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na washauri wengi hulipita mbio: viza. Aliyekuja kwa viza ya kazi amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Kibarua kikiota nyasi, kwa kawaida hubakiziwa siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa mtu huyo kuambiwa ajisemee ni sawa na kuambiwa acheze kamari na karo ya watoto. Nakubali. Ndiyo maana nasema ujasiri si tabia tu, una gharama, na mshauri asiyekuuliza una akiba ya miezi mingapi na nani anashikilia viza yako bado hajakushauri chochote. Gharama ikiwa kubwa, umakini na karatasi unapaswa kuongezeka. Mtu wa namna hiyo aweke kumbukumbu zake kimya bila kuchukua siri za wagonjwa, ajiunge na chama kabla ya matata kuanza, na atafute mdhamini mwingine kabla ya kuandika malalamiko rasmi. Lakini asikae muda mrefu mno: kwa miaka mingi muda wa kwenda mahakama ya kazi umekuwa miezi mitatu kasoro siku moja. Gharama za ujasiri pia si amri ya Mungu. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza iliweka ada ya hadi pauni 1,200 kwa anayepeleka shauri, na mashauri yakaporomoka kwa karibu theluthi mbili. Chama cha UNISON, chenye wanachama wengi mahospitalini, kilikwenda Mahakama ya Juu, na Julai 2017 ada hizo zikafutwa. Wafanyakazi walioacha kushtaki hawakuwa wamepungukiwa na ujasiri kwa miaka minne halafu wakaupata upya. Mlango ulikuwa umefungwa kwa bei, na haukufunguliwa na mtu mmoja.

Kisha kuna pingamizi la historia yetu: je, karatasi ilimsaidia nini David Munyakei? Alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyeona nyaraka za malipo ya Goldenberg, sakata la wizi wa fedha za umma, miaka ya mwanzo ya tisini na kuzifikisha kwa wabunge. Nchi ikaujua wizi huo, lakini yeye akakamatwa mwaka 1993, akafukuzwa na hakurudishwa kazini. Akafa mwaka 2006 bila kulipwa alichostahili. John Githongo, aliyeteuliwa mwaka 2003 kusimamia vita dhidi ya rushwa nchini Kenya, aliweka kumbukumbu za kina za sakata la rushwa la Anglo Leasing, na Februari 2005 akajiuzulu akiwa hapa Uingereza. Mifano hii inanipa onyo lakini hainipingi. Munyakei alikuwa na daftari bila watu: hakuna chama kilichosimama naye wala sheria iliyomkinga. Kuandika ni sharti la kwanza, halafu lazima awepo anayelazimika kusoma. Ndicho alichopendekeza Sir Robert Francis Februari 2015, alipochunguza kwa nini watumishi wa hospitali za umma wa hapa waliogopa kutaja hatari: kila taasisi iwe na mtu maalumu wa kupokea sauti hizo. Anayeanza kazi hospitalini ajue jina la mtu huyo wiki ya kwanza, kama anavyojua chumba cha kubadilishia nguo.

Mwisho, wapo wanaosema mfumo wenyewe una upendeleo, kwa hiyo kuuandikia ni kumpelekea fisi kesi ya mbuzi. Upendeleo upo, na tunaujua kwa sababu uliandikwa. Tangu 2015 hospitali za umma za England zinalazimika kuchapisha takwimu za usawa wa rangi kazini. Mwaka 2016 zilionyesha kwamba watumishi wasio wazungu waliingizwa kwenye kesi za nidhamu kwa kiwango cha zaidi ya mara moja na nusu kulinganisha na wazungu. Kufikia 2020 pengo lilikuwa limeshuka hadi mara 1.16. Kuchapisha peke yake hakukutosha, ilibidi pia mameneja waanze kuulizwa kwa nini. Lakini swali hilo lisingeulizwa kama kila aliyeonewa angelimeza lake. Ujumbe mfupi wa mlezi wa wazee na takwimu za taifa zima ni kazi moja kwa vipimo viwili.

Haya nayaandika kwenu kwa sababu simu ya kwanza ya mtu mwenye matata kazini huwa haimwendei mshauri wala chama. Inakuja nyumbani, na nyumbani jibu la kawaida ni “vumilia mwanangu, kazi hazipatikani”. Vumilia ni neno jema likija la pili. La kwanza liwe maswali matatu: umeandika, na lini? Nani mwingine anajua? Ukiondoka leo utaishi miezi mingapi? Mtoto akiweza kuyajibu, mwambieni avumilie au aondoke kadiri hali yake inavyoruhusu. Akishindwa kuyajibu, mwambieni akate simu, achukue kalamu, kisha apige tena.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Woolwich