Nilidai Nimesoma

Kwa miaka mingi niliwafundisha vijana jambo lisilo la kweli, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Niliwaambia kwamba nahau ya Kiingereza "the whole nine yards", yaani kitu chote bila kubakiza, ilizaliwa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mikanda ya risasi za ndege za kivita, nilisema, ilikuwa na urefu wa yadi 9, na rubani aliyeimaliza yote alikuwa amempa adui yadi zote tisa.

Nilikuwa nikifundisha JCL, lugha ya kuipangia kazi meinifremu ya IBM, na nahau hiyo niliitumia kusisitiza kwamba kazi iandikwe kamili: JOB, EXEC, na DD ya kila faili. Lugha ile ina mambo mengi ya kushangaza, lakini asili yake huwa inajulikana. Amri hukomea safu ya 71 kwa sababu ilitungwa enzi za kadi za kutoboa zenye safu 80, na safu za mwisho ziliachiwa namba za mpangilio. Programu isiyofanya kazi yoyote huitwa IEFBR14 kwa sababu BR 14 ndiyo amri yake ya kurudi ilikotoka. Hata hiyo ilibidi isahihishwe: mwanzoni haikusafisha rejista namba 15, ambamo mfumo husoma kama kazi imefaulu.

Mazoea hayo yalinifanya niamini kwamba nahau nayo lazima iwe na fundi wake na kipimo chake.

Kijana mmoja darasani akaniuliza, "Mwalimu, hilo umelisoma wapi?" Nikamjibu kwamba ni katika kitabu cha historia ya jeshi. Kitabu hicho hakikuwapo. Habari yenyewe niliisikia tu kwa mfanyakazi mwenzangu. Kijana akanyamaza kwa heshima, nami nikaendelea na somo.

Ukweli ni kwamba watafiti wameikuta nahau hiyo katika gazeti la mji wa Mitchell, jimbo la Indiana, la mwaka 1908, miongo mitatu kabla ya vita ile. Mwaka 1912 gazeti la Kentucky liliandika "the whole six yards" kwa maana ileile. Ikiwa yadi zinaweza kuwa sita au tisa na maana isibadilike, basi mkanda wangu wa risasi haukupima chochote.

Kutojua kungesameheka. Kinachoniuma ni kwamba niliulizwa ushahidi nikatunga kitabu, na darasa zima likajifunza kwangu kwamba mkubwa haulizwi. Mlioandika hadithi ile kwenye madaftari yenu, ifuteni. Nawe uliyeuliza, naomba radhi: swali lako lilikuwa la haki, na jibu la kweli lilikuwa fupi, "Nimesikia tu, sijahakikisha."