Kukata Tamaa Kwako Sikutaki

Ndugu yangu unayesoma Kituruki usiku huu huku machozi yakikulenga, nakuandikia wewe.

Mimi ni wa Mbagala, Temeke. Mwaka 2017 kampuni ya Kituruki, Yapı Merkezi, ilianza kujenga reli ya SGR kutoka Dar hadi Morogoro, nami nikatamani uhandisi. Baadaye niliomba ufadhili wa Türkiye Bursları, Mungu akajalia. Ufadhili huo huanza na mwaka mmoja wa lugha, na anayesomea kwa Kituruki anatakiwa afike kiwango cha C1. Majirani walinisomea dua. Dada yangu wa Tandale alitoa pesa ya kikoba akaninunulia koti la mtumba pale Karume.

Mwanzoni Ankara haikunitisha. Hata vishazi vya masharti vilinikubali, maana na sisi sharti tunalibeba ndani ya kitenzi: gelirse ni akija, gelseydi ni angalikuja. Kisha vikaja vishazi nomino. Mturuki hahangaiki na "najua kwamba umekuja". Husema geldiğini biliyorum: kitenzi kimegeuzwa jina, kimebeba na mwenyewe, halafu "najua" inakuja mkiani. Mwalimu akifika mkiani, mimi nimeshasahau nani kaja.

Matokeo yakabandikwa. Nilifeli. Nikasoma jina langu tena. Nilifeli. Nje theluji. Chumbani sikuwasha taa. Sikula. Niliwaza lile koti. Niliwaza kushuka uwanja wa ndege na begi lilelile, mtaa mzima unanitazama. Kuswali niliswali, lakini ni midomo tu.

Usiku mama akapiga. Kituruki hakijui, C1 haijui. Akasema: "Kukonda kwako nitakuvumilia, mwanangu. Kukata tamaa kwako sikutaki."

Simu ilipokatika nikashika kalamu. Vazgeçmeni istemiyorum. Vazgeç-, kukata tamaa. -me, ile ku- yetu, wenzetu wameipeleka nyuma. -n, kwako. -i, ya kuonyesha kinachokataliwa. Mwisho kabisa, sitaki. Mama yangu, amekaa zake kwenye mkeka Mbagala, alikuwa ametunga kishazi nomino bila kosa. Nilicheka peke yangu. Halafu ndipo nikalia.

Tangu siku hiyo maneno ya nyumbani yakawa daftari langu. Dada akituma sauti ya kunigombeza, naigeuza Kituruki kabla sijamjibu. Alhamdulillah, C1 niliipata. Shahada nayo ikaja. Ila mpaka leo nikisikia mtu anasema matokeo yametoka, hata ya mtoto wa jirani, tumbo linanikata.

Ukikwama hapo nilipokwama, anza na -me, ya unayoyataka na usiyoyataka. -dik ya yaliyotokea na yanayotokea, na -ecek ya yajayo, utaziona zinapita njia hiyohiyo. Na upige simu nyumbani leo. Waache waongee, wewe andika.