Siku 45 za Marjani

Kwa muda wa siku 45 tulimfungia paka wetu katika stoo, nyuma ya nyumba tuliyopanga Bungoma, na kila siku katika hizo tuliikumbuka hadithi ambayo sote tuliisikia chuoni tukiwa wadogo mno: ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Alimfunga, wala hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie riziki ardhini, mpaka paka akafa. Binti yetu, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa akikaa chini ya mlango wa stoo kila jioni, akipitisha kidole katika upenyo ili kitomaswe na ukucha kutoka upande wa pili. Siku ya tano au ya sita akatugeukia na kutuuliza: “Mama, kwani sisi si ndio yule mwanamke?”

Ili ieleweke ni vipi tulifikia hapo, yatubidi tuanzie Kitale.

Sisi ni watu wa Mombasa. Kwetu paka ni mwenyeji wa mtaa kama ilivyo baraza ya msikiti na birika la kahawa. Hungoja wavuvi asubuhi, hulala juu ya viatu vya wanaoswali adhuhuri, na aliyefika Lamu hahitaji kuelezwa zaidi. Maadui zake ni wawili tu: kunguru, na paka wa nyumba ya pili. Nguchiro, nyani, na paka-pori ni majina ya vitabuni kwake, kama yalivyokuwa kwetu. Basi kazi ilipotuita Kitale, tulimtia Marjani ndani ya kikapu chenye kifuniko tukapanda naye basi la usiku. Utingo alimtoza nauli ya mzigo. Marjani alilalamika kutoka Mombasa hadi Mtito Andei, kisha akanyamaza kwa hasira, na hasira hiyo ilidumu siku tatu.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, baina ya Mlima Elgon na vilima vya Cherang'any. Baridi yake ya asubuhi huingia mpaka kwenye mifupa. Samaki wa bahari hakuna, na anayefika huko huwa amekwisha kuchoka kuliko sisi. Marjani alifundishwa omena wa Ziwa Viktoria katika wiki moja. Sisi wenyewe tulichukua muda mrefu zaidi.

Lakini kilicho tele Kitale ni mahindi, na penye mahindi pana panya, na penye panya paka hana dhiki. Nyumba yetu ilikuwa pembezoni mwa mji, na nyuma yake palikuwa na ghala la mbao la mwenye shamba, limeinuliwa juu ya nguzo. Usiku wa kwanza aliotoka, Marjani aliliendea ghala hilo moja kwa moja, kana kwamba alikuwa na miadi. Baadaye tulisoma kwamba hivyo hasa ndivyo paka alivyoingia katika maisha ya wanadamu. Si kwamba alikamatwa na kufugwa kama mbuzi. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, takriban miaka 10,000 iliyopita, panya walikuja, na nyuma ya panya akaja paka-pori, akakaa. Katika kisiwa cha Saiprasi limepatikana kaburi la kiasi cha miaka 9,500 ambamo mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Na mwaka 2007 wataalamu waliopima vinasaba vya paka karibu 1,000 walieleza kwamba paka wote wa majumbani wana asili moja, nayo ni paka-pori wa pande hizo za Mashariki ya Kati. Ni jamii ile ile ambayo mpaka leo inatembea usiku katika nchi yetu, katika Trans Nzoia vilevile.

Haya tuliyajua baada ya kuonyeshwa na macho yetu.

Wa kwanza kukutana na Marjani alikuwa nguchiro. Alikuja mchana kutafuta mayai ya kuku wa jirani, mwembamba, mwekundu, na ncha ya mkia nyeusi. Walikutana kwenye kona ya ghala, hatua mbili baina yao. Nguchiro alivimba hata akawa mara mbili ya umbo lake. Marjani, ambaye tulimdhania atakimbia au atapigana, aliketi chini akaanza kuramba mguu wake wa mbele. Nguchiro alimtazama kwa muda, akapungua taratibu, akaenda zake. Tumewahi kuwaona mabibi wakubwa wa Mombasa wakimaliza ugomvi wa harusi kwa njia hiyo hiyo.

Tumbili walikuwa na adabu ndogo zaidi. Mmoja alikuwa akiteremka kwenye mparachichi kwa siri, akimvuta Marjani mkia, kisha akipanda mtini kucheka. Au sisi tuliona kuwa anacheka.

Kisha ukaja msimu wa mahindi kukomaa, na usiku mmoja mwenye shamba alitugongea dirisha akatuambia tutazame polepole. Juu ya nguzo ya ua aliketi paka. Rangi yake ilikuwa ya mchanga wenye majivu, na milia hafifu ubavuni. Tungesema ni ndugu yake Marjani, lakini miguu ilikuwa mirefu mno, na aliketi wima kama kiumbe ambaye hajawahi kujikunja juu ya mkeka wa mtu. Alipogeuza kichwa, mwanga wa tochi uliangukia nyuma ya masikio yake, nayo yalikuwa mekundu kama udongo wa Kitale. “Huyo si wenu wala wetu,” alisema mwenye shamba. “Huyo ni wa porini.” Marjani alikuwa chini ya nguzo, kimya, ameinua uso.

Baada ya wiki tisa na siku kadhaa, Marjani alizaa watoto watatu ndani ya kapu la nguo zilizosubiri pasi. Wawili wa kike walikuwa paka kama paka wote, tukawapa majirani. Wa tatu, dume, binti yetu alimwita Kusi, kwa kuwa alikuwa hashikiki kama upepo. Alikuwa na miguu mirefu. Daktari wa mifugo alimtazama, akamgeuza, akang'atwa, akatuambia kwamba kwa jicho tu hawezi kuapa baba ni nani. Ila alitueleza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiri: kwamba kinachomtisha zaidi paka-pori kupotea si bunduki wala mtego, bali ni paka wetu wenyewe. Wanazaana naye kidogo kidogo mpaka damu yake inayeyuka katika damu ya majumbani, na wanampelekea maradhi ya mjini.

Sikukuu ya Iddi mwaka huo tulikwenda Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, kilomita za mraba tatu tu, iliyotengwa mwaka 1974 ili kumhifadhi nzohe. Pale watu hutembea kwa miguu, hakuna motokaa, na kuna minara ya mbao ya kupanda ili kuchungulia kinamasi. Tulimwona nzohe mmoja, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye tope, na kima wa de Brazza mwenye ndevu nyeupe za kishekhe. Lakini kilichotukaa moyoni ni ule mpaka. Unasimama juu ya mnara, unaona kinamasi na msitu wake, kisha mara moja, bila hata kichaka cha kupumzikia, mahindi, mahindi, mahindi. Tukaelewa paka-pori yule alikuwa anatoka wapi, na kwa nini njia yake ilikuwa lazima ipite uani kwetu.

Tuliporudi tukamuuliza ustadhi wetu kuhusu kumfanyia Marjani upasuaji wa kuzuia uzazi. Alitujibu kwa upole kwamba wanazuoni wamekhitalifiana, na kwamba wamo wa zama hizi walioruhusu pakiwa na haja ya kuondoa madhara. Tukaona haja ipo. Marjani akapasuliwa, akachanjwa kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo, nasi tukaihifadhi karatasi ya chanjo pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, jambo lililomchekesha baba yao.

Kusi alipofika miezi mitano aliacha kulala ndani. Binti yetu alilia. Alitaka madirisha yafungwe, mlango utiwe komeo, Kusi azuiwe kwa nguvu hadi azoee. Tukamsimulia yule mwanamke wa hadithi. Tukamwambia kwamba mnyama huyu ana haki ya moja kati ya mambo mawili, alishwe au aachwe, na Kusi amechagua la pili. Kwa mwezi mzima tuliweka bakuli la maziwa chini ya ghala, na kila asubuhi lilikuwa tupu. Kisha asubuhi moja tukalikuta limejaa, na mdudu amezama ndani yake.

Mwaka uliofuata kazi ilituhamishia Bungoma. Tulipitia Webuye na mizigo yetu, na safari hii Marjani alitazama dirishani kama mwenye tikiti. Bungoma ni nchi ya miwa, na shamba la miwa ni giza hata mchana: mna panya wakubwa, mna nyoka, mna mambo ambayo mtu wa pwani haombi kuyajua. Mara moja Marjani alikataa kutupisha kwenye njia ya kwenda kwenye rundo la kuni. Alisimama amejipinda, akinguruma kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, mpaka mama jirani alipokuja na fimbo ndefu na kututolea moma mnene aliyelala kama kamba iliyosahauliwa. Tangu siku ile mama jirani alikuwa akimletea Marjani vichwa vya samaki kila siku ya soko.

Ndipo ikatokea asubuhi ile. Marjani aliingia jikoni na jeraha begani, nyama imeonekana. Binti yetu alimwosha kwa mikono mitupu kabla sisi hatujaamka, naye alikuwa amejikata kidole kwa kisu cha vitunguu jana yake. Mama jirani ndiye aliyetueleza: alikuwa amemwona nguchiro barabarani jua likiwaka, anayumba, haogopi watu, anang'ata nguzo ya ua.

Jina hili “kichaa cha mbwa” limetudanganya wengi. Mbwa ndiye anayewaambukiza watu zaidi, ni kweli, lakini maradhi hayo huwapata mbweha, nguchiro, paka, na kila mnyama anyonyeshaye. Dalili kubwa ya mnyama wa porini mgonjwa ni kwamba haya imemtoka: usiku amegeuza mchana, na binadamu hamwoni kitu. Na dalili zikishamdhihirikia mtu, tiba karibu haipo. Kinga ndiyo ipo, na huanzia bombani. Tulimwosha mtoto kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa ya ukutani, naye analalamika, kisha tukaenda hospitali. Ya kwanza hawakuwa na chanjo. Ya pili walikuwa nayo. Sindano hizo hupigwa mkononi, si zile za tumboni tulizotishwa nazo utotoni, na zina tarehe zake ambazo hazirukwi hata moja.

Daktari wa mifugo aliomba kwanza karatasi. Tuliitoa miongoni mwa vyeti vya kuzaliwa, na baba yao safari hii hakucheka. Kwa kuwa chanjo ilikuwa bado hai, Marjani alipigwa nyingine, kisha akahukumiwa siku 45 za kuangaliwa peke yake, pasipo kumgusa. Kama isingekuwepo karatasi ile, alitwambia, mazungumzo yangekuwa mengine.

Kwa hiyo tulimjibu binti yetu, pale chini ya mlango wa stoo, kwamba hatukuwa yule mwanamke. Ana maji, ana omena, ana maziwa, ana dirisha la wavu. Lakini tukiri kwamba jibu hilo lilitutoka kwa shida. Marjani alikuwa akilia kwa sauti ya chini kila baada ya Magharibi, saa yake ya kutoka, na sisi tulikuwa tukiswali ndani ya sauti hiyo.

Bibi yao alipiga simu kutoka Mombasa na swali lake: mbona Abu Qatada aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na akaeleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzungukia majumbani? Vipi leo mate yake yamekuwa hatari? Tukamjibu kama tulivyoelekezwa, kwamba tohara ni jambo moja na maradhi ni jambo jingine: hata mtu msafi wa udhu akiugua hutengwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama paka anakula vizuri.

Siku ya 46, baada ya Alasiri, binti yetu alivuta komeo kwa mkono wake mwenyewe. Sindano zake zilikuwa zimekwisha. Marjani hakutoka. Aliketi kizingitini akaramba bega lenye kovu, kwa utaratibu, kama siku ile ya nguchiro wa kwanza, huku sote tukiwa tumesimama uani tukingoja. Adhana ya Magharibi ilipolia aliinuka, akajinyoosha, akapita katikati yetu, akaingia kwenye miwa.

Binti yetu aliacha dirisha la jikoni wazi kiasi cha kichwa cha paka. Tulipoamka alfajiri, palikuwa na panya mkubwa juu ya mkeka, na Marjani amelala kando yake.