Mkoba wa Bilioni na Kiondo cha Susu

Watu wangu wa Kwa Vonza, na nyinyi mnaonisoma mkiwa mbali, leo tuongee kuhusu mikoba, saa na vito. Najua kuna wale wameshaanza: "Ukambani tunangoja mvua, huyu anatuletea stori za mikoba ya bei." Tulieni kidogo. Hii stori inatuhusu kuliko mnavyofikiria.

Kwanza niseme wazi, mimi napenda vitu vizuri. Mkoba wa ngozi inayonukia ngozi, zipu inayoteleza bila kukwama, mishono iliyonyooka kama mstari wa rula, aki hiyo ni raha. Sioni dhambi hapo. Hata mama zetu wakienda harusi hutoa leso nzuri iliyofichwa chini ya sanduku. Kwa hivyo sina shida na kupenda kitu cha bei. Swali langu ni hili: ni nani alituambia kipi ni cha bei na kipi ni cha bure?

Chukua mkoba unaoitwa Birkin, wa kampuni ya Hermès ya Ufaransa. Jina limetoka kwa Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyeishi Paris. Unajua huyo mama alijulikana kwa kubeba nini? Kikapu. Kikapu cha kusukwa, kile cha kwenda sokoni, na alikibeba hata akiwa amevaa nguo za sherehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikaa kwenye ndege karibu na Jean-Louis Dumas, mkubwa wa Hermès, vitu vyake vikamwagika, na akalalamika kwamba hapati mkoba unaomtosha mama mwenye mtoto mdogo. Hermès wakamtengenezea mwaka wa 1984. Mwezi wa Julai 2025, ule wa kwanza kabisa uliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya yuro milioni 8. Kwa pesa zetu hiyo inapita shilingi bilioni moja.

Yaani mkoba ghali zaidi duniani ulianza kwa mama aliyependa kikapu. Haya, sasa turudi nyumbani.

Susu yangu, nyanya mzaa mama, anasuka viondo. Ukiona kazi yenyewe utanyamaza. Jani la mkonge linakatwa, linaparazwa mpaka nyuzi zitoke, zinaoshwa, zinaanikwa juani, zinatiwa rangi. Halafu susu anakaa chini, ananyoosha mguu, anasokota uzi kwenye paja lake mpaka paja linakuwa gumu kama ngozi ya kiatu. Kusuka kunaanzia kitako, mduara mdogo kama sarafu, kisha anazunguka na kuzunguka. Hana mchoro wala tepu ya kupimia. Ukimuuliza mapambo yatakaaje, anakuambia ngoja uone.

Na huu mkonge wenyewe si wa hapa kwetu. Uliingia Tanganyika mwaka wa 1893 kupitia Mjerumani Richard Hindorf, ukiwa na asili ya Mexico, ndipo ukasambaa. Kabla ya hapo, nyanya za nyanya zetu walitoa nyuzi kwenye gamba la mbuyu na vichaka vya porini. Kwa hivyo mtu asikudanganye kwamba kiondo ni kitu cha zamani kilichoganda. Wasusi wetu walibadilisha malighafi nzima, kazi ikaendelea.

Sasa sikiliza. Hermès hujivunia kwamba fundi mmoja hutengeneza mkoba mmoja kwa mkono, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Susu pia. Fundi mmoja, kiondo kimoja, na hakuna viwili vinavyofanana kabisa. Tofauti ni kwamba mmoja anawekewa taa na kioo, mwingine anaambiwa, "Mama, punguza."

Kwa miaka mingi kuna mnunuzi alikuwa anakuja na pikipiki, anachukua kiondo kwa shilingi 500. Kiondo hicho kilichukua wiki mbili au tatu, katikati ya shamba, maji na wajukuu. Kikifika Nairobi kinashonewa mikanda ya ngozi, bei inakuwa elfu kadhaa. Kikivuka bahari kinauzwa kwa makumi ya dola. Nilimuuliza susu kwa nini hakatai. Aliniangalia tu, akasema, "Mwanangu, wewe una maneno, yeye ana pesa mkononi. Karo haingoji maneno."

Nikakosa jibu, kwa sababu hapo hakukuwa na jibu. Ni rahisi sana kwa mtu mwenye simu kumwambia mtu mwenye njaa asimame na msimamo.

Kilichobadilisha mambo si mimi. Ni kikundi chao cha akina mama. Walikaa chini ya mti, wakakubaliana bei ya chini kabisa, shilingi 800, na hakuna wa kuuza chini yake. Mnunuzi akaja, akacheka, akawasha pikipiki. Wiki ya kwanza, kimya. Wiki ya tatu, kimya. Mmoja wao mtoto akaugua, na kila mtu alijua angeweza kupiga simu usiku na kuuza viondo vyake vitatu kwa bei ya zamani. Wakachanga kwenye chama, mtoto akapelekwa hospitali, viondo vikabaki vimening'inia ukutani. Mwezi wa pili mnunuzi alirudi, hakucheka tena. 800 bado si haki, tusidanganyane. Lakini ile 300 iliyoongezeka ilitoka kwa wanawake waliokubali kuvumilia pamoja.

Ndiyo maana nikiona huku karibu na chuo kikuu, kuanzia SEKU mpaka stejini, mtu anajigamba na "Gucci" ya shilingi 1,500, moyo unaniuma. Feki ni kukodisha jina la mtu ambaye hata hajui upo. Kenya ina sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008, lakini hata tuweke sheria kando. Hiyo ngozi ya plastiki itaanza kubanduka mvua za Novemba zikifika. Na kwa hiyo hiyo 1,500 ungepata mkoba wa ngozi halisi kwenye mtumba ukiwa na macho, ama kiondo kwa bei kamili kutoka kwa aliyekisuka.

Mambo ya saa ni hayo hayo. Siku ya Krismasi mwaka wa 1969, Seiko wa Japani walitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa madukani. Bei yake ilikaribia bei ya gari. Leo saa ya kwatzi unaipata kwa mia chache, na inaonyesha wakati vizuri kuliko saa nyingi za gia za mamilioni. Kwa hivyo anayenunua saa ya milioni hanunui saa ngapi. Ananunua kazi ya mikono na jina. Sawa kabisa, kama pesa ni yako. Ila usikope ili watu wakuulize saa ngapi.

Na vito? Vuka Mtito Andei uelekee Taita Taveta. Huko kunachimbwa tsavoriti, kito cha kijani kinachong'aa sana. Mwaka wa 1974 Tiffany wa New York walikitangaza kwa jina hilo, kutokana na Tsavo, hii Tsavo inayopakana na Makueni. Nenda ukaulize vijana wa Emali kama wameshawahi kuiona. Jina ni letu, kito ni chetu, wengi wetu tunakijua kupitia simu.

Basi mkinunua, mimi naangalia hivi. Mkoba wa ngozi: nusa, kunja kidogo uone kama unarudi, angalia mishono ya ndani, siyo ya nje pekee, maana mdanganyifu huwa anachoka ndani. Kiondo: kiinue kwenye mwanga, ukiona matundu makubwa msusi alikuwa na haraka. Bonyeza kitako, kiwe kigumu. Pitisha kitambaa chenye maji, rangi isikufuate. Tazama ukingo wa juu, nyuzi ziwe zimefichwa. Halafu uliza ni nani alikisuka. Muuzaji akijua jina, mara nyingi bei nayo imemfikia mwenyewe.

Jambo la mwisho, na hapa nitakanyaga vidole. Dukani mjini, kwenye vioo na kiyoyozi, tunalipa bei iliyoandikwa bila kukohoa. Tukifika kwa mama aliyeketi kando ya lami ya Kitui, tunakuwa mabingwa wa kupunguziwa. Tunamtoa mia kisha tunapiga picha na kiondo tukiandika "utamaduni". Hiyo mia kwake ni unga.

Susu anamaliza kimoja wiki hii, kahawia na nyeusi, ukubwa wa kubeba laptopu na bado daftari ziingie. Ukikichukua kutoka kwake mwenyewe ni shilingi 1,200. Tafadhali usiniulize bei ya mwisho.