Kuteremkia Bogoria

Kutoka Nakuru hadi Ziwa Bogoria mtu huteremka zaidi ya mita 800. Nakuru mjini tuko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi tunavaa sweta hata mwezi wa Februari. Bogoria iko chini ya mita 1,000, na mchana joto lake hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Msafiri mwingine akisikia hayo atafikiria kofia na miwani ya jua. Mimi yalinizuia kwenda, ingawa nimezaliwa Nakuru na matatu za Marigat nimekuwa nikiziona zikipakia abiria tangu nikiwa mtoto wa shule.

Kwa miaka mingi nilikuwa na kilo 138. Nilipopatikana na kisukari katika hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wenyeji tunaiita PGH hadi leo, nilianza dawa, nikapunguza ugali na chapati, nikaacha soda na chai ya sukari, nikawa napanda kwa miguu barabara ya Menengai kabla jua halijachomoza. Kilo zilishuka polepole mpaka zikatua 80. Sukari ikatulia, magoti yakaacha kuniuma, usingizi ukarudi. Ngozi ndiyo haikurudi. Ndani ya ngozi kuna nyuzi za kolajeni na elastini zinazoifanya ivutike na kujirudi; zikitanuliwa miaka na mikaka, nyingi huharibika, na umri, jua na sigara huzidi kuzidhoofisha. Mafuta yalipoondoka, ngozi iliyokuwa imeyafunika ilibaki ikining'inia: tumboni mpaka juu ya mapaja, chini ya mikono, kwenye matiti, na mapajani kwa ndani.

Nimesikia wengi wakisema mazoezi yataikaza. Mazoezi hujenga msuli ulio chini ya ngozi, na hilo ni jema kwa mwenye kisukari, lakini ngozi iliyozidi haigeuki kuwa msuli. Krimu za kukaza ngozi zinazouzwa mitaani kwa bei kubwa haziondoi mkunjo wa tumbo. Nalisema wazi kwa sababu nimewaona wanawake wakizinunua kwa pesa za chakula.

Shida yenyewe imo ndani ya mikunjo. Ngozi inapolaliana na ngozi, jasho halikauki, joto hupanda, msuguano huchubua, na fangasi wanaoishi mwilini bila kelele hupata mahali pa kustawi. Kwanza huja wekundu na mwasho, kisha harufu, kisha vidonda vidogo vinavyotoa majimaji. Mwenye kisukari huumia zaidi, kwani sukari ikiwa juu fangasi hushamiri na vidonda huchelewa kupona. Katika baridi ya Nakuru nilikuwa nimejifunza kuishi na mikunjo yangu. Bondeni ndiko nilikokuwa na hofu nako.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mdogo, kwao ni Loboi, karibu na lango la hifadhi ya Bogoria. Tangu aolewe amekuwa akiniambia, "Wifi, mama anataka kukuona nyumbani kwake." Nilikuwa na kila aina ya udhuru. Mwaka jana mama yake alipougua nikaona udhuru umekwisha.

Mkoba niliufunga kwa utaratibu niliofundishwa na muuguzi wa kliniki ya ngozi, mwanamke mpole ambaye kwanza aliniomba niinue tumbo kwa mikono yangu miwili ili aone kila mahali. Nilitia sabuni isiyo na manukato, taulo mbili ndogo laini, mrija wa krimu yenye zinki ya kuikinga ngozi na unyevu, na krimu ya klotrimazoli ya kuua fangasi, ikiwa watatokea. Nilitia kaptura ndefu za kubana, za kuvaa na za kubadilisha. Na nilitia leso kuukuu ya pamba niliyoichana vipande virefu. Kipande hulazwa ndani ya mkunjo, ncha yake ikaachwa nje ya ngozi, ili unyevu uvutwe na kutoka. Ukikisokomeza chote ndani, kinalowa na kukaa na maji palepale pasipotakiwa. Poda yenye manukato niliiacha nyumbani. Ikikutana na jasho hugandamana kuwa madonge, na madonge hukwaruza.

Mimi na wifi tulipanda matatu ya viti 14 mapema, nikakaa dirishani. Kaptura ya kubana ni neema kwenye barabara yenye matuta kwa sababu inaishika ngozi isirushwe juu na chini. Anayedhani ngozi haina uzito ajaribu kukimbia akiwa na kilo kadhaa zake zikimpiga mapajani. Lakini kaptura hiyohiyo hufungia joto. Hapo pana mizani ambayo kila mmoja wetu huipima mwenyewe, na mimi niliona afadhali nibanwe njiani, nikifika niivue.

Tulipita Kabarak, na baada ya hapo mashamba ya mahindi yakaanza kupungua. Karibu na Mogotio mkonge umepandwa kwa safu ndefu zinazoonekana hadi vilimani, na kando ya barabara kipo kibao kinachoonyesha mstari wa ikweta. Sweta nilikuwa nimekwisha kulivua. Mama mmoja mzee aliyekaa kando yangu aliutazama uso wangu, akaitazama shingo, akanishika mkono kwa huruma. "Pole, mama. Umeugua sana?"

Swali hilo nimeulizwa sokoni, kanisani na mazishini. Kwa umri wangu nalielewa linakotoka. Katika miaka ya 1990 huku kwetu mtu aliyepungua ghafla alinong'onezwa kuwa ana ukimwi, na wengi tuliwazika. Ngozi iliyolegea usoni na shingoni huonekana kama ugonjwa hata mwenyewe akiwa mzima kuliko alivyowahi kuwa. Nilimjibu, "Hapana, mama. Niliugua zamani, sasa ndio nimepona." Akacheka kwa furaha, akanipa ndizi. Nilikula nusu.

Mogotio matatu ilisimama kungoja abiria. Nilihisi tayari jasho chini ya tumbo, nikashuka na mkoba wangu hadi kwenye hoteli ya chai. Mwenye hoteli hakuuliza lolote. Alinionyesha choo nyuma, akanipa na ndoo ya maji. Nilijifuta, nikajikausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua, nikasimama kidogo hewa ipite, nikapaka zinki, nikalaza kipande kipya cha leso. Kilicholowa nilikitia katika mfuko wa peke yake. Ni kazi ya dakika chache, lakini inataka maji, faragha na mlango unaofungika. Hivyo vitatu, kwenye barabara zetu, si kila mahali mwanamke atavipata, na safari nyingi za watu wenye mwili kama wangu hukatishwa na kukosekana kwa choo.

Baada ya hapo ni migunga, mawe mekundu, mbuzi, na mshubiri uliotapakaa chini ya vichaka. Abiria mmoja aliposikia habari ya mkoba wangu kutoka kwa wifi alisema nipake utomvu wa mshubiri. Watu wa Baringo wanautumia tangu enzi, na wapo wanaoivuna mimea hiyo kwa biashara. Kwa mkunjo uliofungika, hata hivyo, kitu chochote cha majimaji huongeza unyevu, kwa hiyo nilimshukuru na kubaki na zinki yangu. Karibu na Marigat wauza asali walikuwa wamepanga chupa kando ya lami. Tukakata kulia kuelekea Loboi.

"Chamgei!" mama yake wifi alinisalimu kwa Kikalenjin kutoka kivulini, na nilipoitikia alishangilia kana kwamba nimeimba. Alitupa mursik, yaani maziwa ya mgando, na nyama ya mbuzi. Nyama niliila kwa moyo mkunjufu: daktari huwasisitizia watu waliopungua sana wasipungukiwe na protini, kwani bila hiyo misuli huisha na ngozi iliyochubuka haijengeki upesi.

Kesho yake tulikwenda Loburu, kwenye chemchemi za maji ya moto. Maji hutoka ardhini yakikaribia kuchemka, yakiruka na kutoa mvuke, na wageni huchemshia mayai humo. Ziwa limepanda sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Lango la zamani na kipande cha barabara vilizama, na baadhi ya chemchemi sasa ziko chini ya maji ya ziwa. Flamingo walikuwa mbali, mstari wa waridi ukingoni. Eneo hili ni la mababu wa Waendorois, waliohamishwa baada ya hifadhi kutangazwa mwaka 1973. Walipeleka kilio chao hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, na mwaka 2010 uamuzi wa kuwapa haki ukatangazwa. Nililijua jambo hilo kwa kusoma. Kulisikia mahali penyewe, kutoka kwa mzee ambaye kwake ziwa ni mahali pa ibada na chemchemi ni dawa, kulinifanya nikae kimya muda mrefu.

"Osha na maji haya, mama," aliniambia. "Ngozi itapoa."

"Asante, mzee. Nitasubiri yapoe kwanza," nikamjibu, naye akakubali kwa kichwa.

Naiheshimu imani yake. Pia najua maji haya yana magadi na chumvi, nayo huiunguza ngozi iliyochubuka, na kwamba mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepungua hisia anaweza kuungua asitambue. Sikuvua viatu hata kidogo. Udongo wenyewe pale ni wa moto.

Jioni tulienda kwenye hoteli yenye bwawa linalojazwa maji ya chemchemi yaliyopozwa hadi kuwa vuguvugu. Sikuwa nimewahi kuingia bwawani maishani. Kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimejikagua mikunjo yote kwa kioo, na hapakuwa na kidonda. Nilivaa vazi la kuogelea lenye mikono mirefu na miguu inayofika magotini, ambalo nilikuwa nimelipata mitumbani. Hata hivyo vazi haliwezi kuficha ngozi inayocheza, na hatua za kutoka chumba cha kubadilishia nguo hadi majini nilizipiga nikitazama chini. Wasichana wawili walinitazama, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Nikaingia mpaka kifuani, na ngozi ikaelea. Uzito ulioning'inia kiunoni tangu nilipopungua uliinuliwa na maji, mgongo ukanyooka, na maumivu ya kiuno niliyokuwa nimeyazoea mpaka nikayasahau yakaondoka. Nilisimama pale nikalia. Wifi alikuja akasimama kando yangu, hakusema kitu. Mwili huu ulikuwa umefanya kazi kubwa ya kuniokoa, na mimi nilikuwa nimeufungia Nakuru kama mkosaji.

Nilipotoka niliosha maji ya magadi kwa maji safi, nikajikausha vizuri. Usiku nilikuta wekundu chini ya tumbo upande wa kushoto, na mwasho. Nikapaka klotrimazoli, nikalala ndani ya chandarua bila kaptura, mkunjo ukiwa umeachanishwa kwa kitambaa kikavu. Asubuhi mwasho ulikuwa umepungua. Krimu niliendelea nayo hata baada ya wekundu kutoweka, kwa kuwa fangasi hurudi ukiacha dawa mapema.

Watu huniuliza kwa nini sikatwi ngozi hiyo. Upasuaji upo, na kwa wengine ndio tiba ya kweli, hasa wale ambao vidonda vyao havikomi au wasioweza kutembea vizuri. Madaktari hutaka kwanza uzito uwe umetulia kwa angalau miezi 6, sukari idhibitiwe, damu na protini ziwe za kutosha, na sigara iachwe kabisa wiki kadhaa kabla. Kovu huwa refu, na sisi wenye ngozi nyeusi tuko katika hatari zaidi ya makovu yanayovimba. Damu inaweza kuganda miguuni, majimaji yanaweza kujaa chini ya mshono, jeraha linaweza kufunguka. Mabingwa wengi wako Nairobi, na gharama ni kubwa, kwani bima nyingi huuhesabu upasuaji huu kuwa urembo. Hapo ndipo nisipokubaliana nazo. Mkunjo unaooza na kurudia kuoza ni ugonjwa, na unastahili kutibiwa kwa bima kama ugonjwa mwingine wowote.

Hofu ya gharama isimpeleke mtu vichochoroni. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki dunia baada ya kuondolewa mafuta mwilini katika kliniki jijini Nairobi, na kliniki hiyo ikafungwa na Baraza la Madaktari, KMPDC. Baraza hilo lina orodha ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa, iliyo wazi kwenye intaneti kwa kila mtu. Litafute jina la daktari humo kabla ya kulipa hata shilingi moja. Na ikiwa una mkunjo unaowasha, unaonuka au unaotoa majimaji, na kuosha na kukausha hakujausaidia kwa wiki moja, usiufiche tena: nenda kliniki ya ngozi, uinue tumbo kwa mikono yako miwili, umwonyeshe daktari.